Mashine ya Oksijeni Kwenye Mji wa Mbao

Mafinga, huku Mufindi mkoani Iringa, ni mji wa mbao. Ukishuka stendi utasikia misumeno kabla hujamuuliza mtu njia, na wakati wa kiangazi meza iliyofutwa asubuhi, jioni unaweza kuandika jina lako juu yake kwa kidole. Sisi wenyeji vumbi hilo tumeshalizoea, hatulioni tena. Mashine ya oksijeni inaliona. Tangu tuanze kumuuguza Mama nyumbani, karibu kila nilichojifunza kuhusu usafi wa vifaa hivi kinarudi hapo hapo: anayetaka mashine idumu aanze na chumba. Mashine yenyewe haina kazi kubwa.

Mama hajawahi kuvuta sigara. Alipika tu. Alianzia kwenye mafiga matatu kijijini, akaja mjini akawa mama lishe wa vijana wa viwanda vya mbao, akichochea mabanzi ndani ya kibanda cha bati chenye mlango mmoja. Daktari alipotuambia ana ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, mdogo wangu alibisha, akasema huo ni ugonjwa wa wavuta sigara. Daktari hakubishana naye. Alimgeukia Mama akamuuliza, "Mama, umepikia nini miaka yote hii?" Mama akajibu, "Mabanzi, mwanangu. Na jiko halikuwa na dirisha." Akaandikiwa oksijeni ya nyumbani, lita 2 kwa dakika, si chini ya saa 15 kwa siku, usiku wote ukiwemo.

Wageni wengi wakiiona mashine kando ya kabati hudhani inatengeneza oksijeni, au kwamba ndani yake kumefichwa mtungi mdogo. Hakuna mtungi. Inavuta hewa hii hii ya chumbani, ambayo asilimia 78 hivi ni naitrojeni na 21 ni oksijeni, inaikandamiza kwa kompresa, kisha inaipitisha kwenye silinda mbili zilizojaa punje za madini yanayoitwa zeolaiti. Punje hizo zinanasa naitrojeni na kuiachia oksijeni ipite. Silinda moja ikiwa kazini, nyingine inajisafisha kwa kuitema naitrojeni nje, ndiyo maana kila baada ya sekunde kadhaa mashine inatoa mlio wa kushusha pumzi. Inayofika kwenye mrija, mashine ikiwa nzima, ni oksijeni ya asilimia 90 hadi 96. Zeolaiti ikipata unyevu inachoka na hairudi tena kuwa kama zamani. Kompresa ikikosa hewa ya kutosha inapata moto. Sasa mtu akishaelewa hivyo, hahitaji kuambiwa mara mbili kwa nini tunaosha sponji inayozuia vumbi pale hewa inapoingilia, na kwa nini hatuirudishi ikiwa mbichi.

Sponji yenyewe iko nyuma, kwenye mashine nyingine iko ubavuni. Ni nyeusi, unene wa kidole, imepachikwa kwenye kifuniko chenye matundu. Kitabu cha maelekezo kinasema ioshwe mara moja kwa wiki. Aliyeandika kitabu hicho hajafika Mafinga mwezi wa tisa. Kiangazi, upepo ukitoka upande wa viwanda, wiki moja ni nyingi mno. Mimi siangalii kalenda, naangalia sponji: nikiona imeanza kupoteza weusi wake, siku hiyo inaoshwa.

Nazima mashine na kuchomoa waya, Mama nikiwa nimeshamhamishia kwenye mtungi wa oksijeni tunaouweka wa akiba. Naikung'uta sponji nje, mbali na dirisha lake. Kisha beseni, maji ya uvuguvugu, na tone la sabuni ya kuoshea vyombo. Haisuguliwi, inaminywa na kuachiwa, inaminywa na kuachiwa. Maji ya kwanza hutoka na rangi ya chai ya rangi, na ukiyaacha yatulie utaona chini ya beseni unga mwembamba wa paina, laini kiasi kwamba ukiuparuza kwa ukucha hauhisi kitu. Nasuuza mpaka povu liishe kabisa. Naikunja ndani ya taulo kavu na kuikandamiza kwa viganja, halafu naiinua kuelekea dirishani. Mwanga ukipita sawasawa kwenye vitundu vyote, nimemaliza. Ukiona kuna kipande cheusi katikati kisichopitisha mwanga, kuna mafuta au moshi umegandia, irudi kwenye beseni.

Kuosha ni dakika chache. Kukausha ndiko kwenye kazi. Huku Mufindi mwezi wa sita na wa saba ukungu unaweza kukalia mji mpaka saa nne asubuhi, na nguo ulizoanika leo unaweza kuzianua keshokutwa zikiwa bado zina ubaridi wa maji. Sponji mbichi hairudishwi kwenye mashine, na mashine haiwashwi bila sponji hata kwa saa moja. Ukiziweka sentensi hizo mbili pamoja utaona kwamba mwenye sponji moja amekwama. Tulinunua ya pili. Moja inafanya kazi, nyingine iko kwenye kamba ndani ya nyumba, penye hewa. Jirani mmoja, fundi wa makochi, kwa nia njema kabisa alituletea kipande cha godoro alichokikata kwa vipimo vya sponji yetu. Tulimshukuru na kukiweka pembeni. Povu la godoro limebana kuliko sponji hiyo, hewa haipiti inavyotakiwa, na mashine inaanza kuvuta kwa shida.

Pa kuanikia nako kuna mambo. Binti anayetusaidia kazi aliona sponji haikauki, akaitundika jikoni juu ya moto wa mabanzi. Ilikauka vizuri sana. Ilipowekwa kwenye mashine Mama akaanza kukohoa kabla hata hajamaliza kikombe cha uji, akasema, "Mbona leo hewa yenu ina moshi?" Alikuwa ameukimbia moshi miaka mitatu, ukamfuata kwa njia ya mrija.

Na wajukuu. Upande wa mashine unaotoa hewa unatoa hewa ya vuguvugu, na kwenye baridi ya huku hicho ni kishawishi. Nimekuta soksi za shule zimepangwa pale kwa ustadi, na sweta. Watoto hawakuwa na ubaya, ila tundu la kutolea joto likizibwa, joto linabaki ndani na mashine inaweza kujizima yenyewe usiku. Tukakubaliana kwamba mashine inakaa sentimita 30 kutoka ukutani na kutoka kwenye pazia, haikai juu ya zulia, na hakuna kitu kinachowekwa juu yake, hata Biblia. Mwili wake tunaufuta kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, umeme ukiwa umechomolewa. Dawa ya mbu ya kupuliza tuliacha kuitumia kwenye chumba hicho. Chandarua kinatosha, na mbu wa huku si wengi hivyo.

Kufagia pia kulibadilika. Ufagio wa chelewa kwenye sakafu kavu unainua vumbi lote lililotulia, na mashine inalipokea. Chumba cha Mama kinadekiwa. Dirisha la upande wa barabara linafungwa mchana na la upande wa shamba linafunguliwa, kwa sababu chumba kisichopitisha hewa nacho si chumba cha mgonjwa.

Nyuma ya sponji kuna chujio la pili, la ndani, ambalo watu wengi hawajui kama lipo. Hilo halioshwi. Ni la kubadilisha. Sisi tulilijua kwa uchungu kidogo. Mashine yetu si mpya, tuliinunua kwa mfanyabiashara mmoja wa Dar es Salaam aliyetuhakikishia imetumika kidogo tu na haihitaji chochote. Mashine hizi huwa na kidude kinachohesabu saa zilizofanya kazi, na yetu ilikuwa imeshapita saa elfu kumi. Mwaka mzima bila kuzimwa hata dakika moja ni saa 8,760, kwa hiyo hesabu mwenyewe hiyo "kidogo tu". Fundi wa vifaa tiba alipoifungua, chujio la ndani, ambalo likiwa jipya ni jeupe, lilikuwa limeshakuwa kijivu iliyokolea. Aliweka kipimo chake kwenye tundu la kutolea oksijeni, kikasoma asilimia 85. Akabadilisha chujio, akaiacha iungurume kwa muda, akapima tena, ikapanda na kuvuka 90. Mfanyabiashara yule hapokei simu siku hizi.

Kwa hiyo anayenunua mashine iliyotumika, kabla hajatoa hela, aiwashe, asubiri ipate moto, aangalie hesabu ya saa, na atafute fundi mwenye kipimo cha oksijeni aisome ikiwa kwenye lita 5, si lita 1, maana kwenye mtiririko mdogo hata mashine iliyochoka inaweza kujitahidi. Mashine iliyokaa stoo muda mrefu bila kuwashwa iogopwe kuliko iliyofanya kazi, kwa sababu ya ule unyevu niliousema. Kingine ambacho watu wa nyanda za juu hatuulizi: mashine imetengenezwa kufanya kazi mpaka mwinuko gani. Mafinga tuko kwenye mita 1,900 hivi kutoka usawa wa bahari, na hewa hapa ni nyepesi, mgandamizo wake uko karibu asilimia 80 ya ule wa pwani. Asilimia ya oksijeni hewani ni ile ile 21, ila kila pumzi inabeba kidogo. Kompresa iliyokuwa inajitosheleza Dar es Salaam huku inafanya kazi kwa bidii zaidi. Kitabu cha mashine kinaandika ukomo wa mwinuko. Watu wa Njombe na Makete, mlio juu kuliko sisi, msikiruke ukurasa huo.

Kuna chupa ya maji. Mashine nyingi zinauzwa nayo, oksijeni inapita ndani ya maji na kutoa mapovu ili isikaushe pua. Mama kwa muda mrefu aliiona hiyo chupa ndiyo mashine yenyewe. Mapovu yakiwepo anatulia, yasipokuwepo anaita. Lakini chupa hiyo ikipuuzwa ndiyo mahali pachafu kuliko pote, maana ni maji yaliyosimama, yenye vuguvugu, na hewa inayoyapitia inakwenda moja kwa moja mapafuni mwa mtu mgonjwa. Maji hayaongezwi juu ya yale ya jana. Yanamwagwa yote kila siku, chupa inaoshwa kwa sabuni, inasuuzwa, inajazwa mapya, bila kuvuka mstari wa juu. Mara moja kwa wiki inalowekwa nusu saa kwenye siki, kipimo kimoja cha siki kwa vitatu vya maji, kisha inasuuzwa na kuachwa ikauke. Dawa za klorini zile za kufulia nguo nyeupe sizipendi kwa kazi hii, harufu yake inajificha kwenye plastiki na kumrudia mgonjwa puani.

Maji gani? Yaliyokenekwa ndiyo bora, lakini ukiyauliza Mafinga unaoneshwa maji ya betri. Tafadhali. Kwenye maduka ya vipuri, chupa ya maji ya betri na chupa ya asidi ya betri zinaweza kukaa rafu moja zikifanana kama mapacha, na hata ukipata yale ya maji kweli, hayakuandaliwa kwa ajili ya kuvutwa na binadamu. Sisi tunachemsha. Kwa mwinuko wetu maji huchemka yakiwa nyuzi 94 hivi, hayafiki 100, kwa hiyo hatuzimi jiko pale tu yanapoanza kububujika. Tunayaacha yabubujike dakika tatu, yanapoa yakiwa yamefunikwa kwenye sufuria ile ile, ndipo tunajaza.

Siku moja asubuhi Mama aliita, mapovu hamna. Mashine inaunguruma, taa ya kijani inawaka, kidude cha mtiririko kipo kwenye 2, lakini maji kwenye chupa yametulia kabisa. Mdogo wangu akataka kuongeza mpaka 4. Nikakumbuka kitu alichotuonesha muuguzi: minya mrija kwa vidole, karibu na chupa, usubiri. Chupa ina valvu ndogo juu; ikiwa imefungwa vizuri, mrija ukizibwa presha inapanda na valvu inapiga filimbi. Nikaminya. Kimya. Maana yake hewa ilikuwa inatorokea kabla haijafika kwenye maji. Nikafungua mfuniko, nikaona umekaa upande, meno yake hayakukamatana. Niliufungua wote, nikaurudisha taratibu kwa kuuzungusha kwanza kinyume mpaka nikasikia meno yanaingiana, ndipo nikaukaza. Nikaminya tena, filimbi ikalia, Mama akacheka. Kama chupa haitumiki, kipimo kingine ni kuchovya ncha za mrija wa puani kwenye glasi ya maji safi. Mapovu yakitoka, hewa inafika. Zifutwe kabla ya kurudi puani.

Nimesema mdogo wangu alitaka kuongeza. Hilo halifanywi na mtu wa nyumbani. Kwa wagonjwa wa aina ya Mama, oksijeni ikizidi, hewa chafu ya kaboni inaweza kurundikana mwilini, mgonjwa akaamka na kichwa kizito, akasinzia sinzia, akachanganyikiwa, na ninyi mkadhani anapumzika. Daktari alituandikia tumshikilie kati ya asilimia 88 na 92 kwenye kipimo cha kidole, kile kinachosoma oksijeni kwenye damu, basi. Na kile kimpira kwenye kidude cha mtiririko kinasomwa macho yakiwa usawa wake, mstari ukipita katikati ya mpira. Mtu mrefu akisoma kwa juu, na mtoto akisoma kwa chini, hawatakubaliana.

Baridi ilituletea jingine. Usiku mrija uliokuwa unapita sakafuni ulikuwa unajaa matone, na mara nyingine maji yakamrukia Mama puani akiwa usingizini. Hewa yenye unyevu inatoka kwenye chupa, inapita kwenye sakafu ya saruji yenye ubaridi, inageuka maji. Tulipomweleza daktari alisema kwa lita 2 Mama hahitaji hiyo chupa, tuiondoe. Mama alinuna, alikuwa ameyazoea mapovu yake. Lakini mrija ukawa mkavu, na kazi ya kuchemsha na kuloweka ikaisha. Ningejua mapema ningeuliza mapema. Mrija wenyewe tuliuinua kutoka sakafuni, ukapita juu ya misumari iliyofungwa kitambaa, na hauzidi mita 15 tangu mashine hadi puani.

Zile ncha mbili za puani zinafutwa kila asubuhi kwa kitambaa chenye sabuni kidogo, kisha chenye maji tupu. Mrija wa puani tunabadilisha kila baada ya wiki mbili hadi nne, au mara moja mafua yakiisha, na ukiwa mgumu na wa njano usiuonee huruma. Pua ikikauka, mkono wa kila mtu unakwenda kwenye mafuta ya mgando. Hapana. Mafuta na oksijeni ni hatari ya moto usoni mwa mgonjwa, na mafuta ya nazi ni yale yale. Duka la dawa wanayo jeli isiyo na mafuta, inayoyeyuka kwenye maji. Masikioni, mrija unapokwaruza, Mama anaweka pamba.

Sasa jiko la mkaa. Hapa nitasema kwa ukali kidogo, kwa sababu huku kwetu Julai kila nyumba inaingiza jiko chumbani, na mgonjwa ndiye anayewekewa karibu zaidi ili asipate baridi. Kwanza ni moto: oksijeni haiwaki yenyewe, ila inafanya kila kitu kingine kiwake haraka, na blanketi, nywele na nguo za aliyelala na mrija zinakuwa zimeshiba oksijeni. Cheche moja inatosha. Mama akivua mrija kwenda msalani mashine inazimwa, mrija hauachwi ukipuliza juu ya kitanda. Anayetaka kwenda jikoni kuota moto avue, azime, akae nusu saa kwanza. Pili ni ile gesi ya mkaa isiyo na harufu, kaboni monoksaidi. Inashika damu mahali pa oksijeni, na kipimo cha kidole hakijui tofauti. Kitakusomea 95, uamini mgonjwa yuko vizuri kuliko jana, kumbe anakwisha. Usitegemee mashine nayo ikuchujie hiyo gesi. Mama anapata joto kwa chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, soksi mbili na mablanketi.

Kipimo hicho cha kidole nacho kinataka kidole chenye joto. Asubuhi ya baridi kilikuwa kinasoma 80 na kitu, nyumba nzima inataharuki, kumbe vidole ni barafu. Tunamsugua viganja kwanza, tunasubiri namba itulie. Na binamu aliyekuja na hina kwa ajili ya sikukuu aliombwa aache kidole kimoja cha Mama bila kupakwa.

Wageni ni sura nyingine. Mnyalukolo, mtu wa huku kwetu, haji mikono mitupu wala hakai dakika tano, na msimu wa ulanzi wazee huja na dumu na sigara masikioni. "Kamwene, Mama," anasema, anakaa, mkono unakwenda kwenye kiberiti. Mimi kumzuia mzee wa makamo ya baba yangu ni mtihani. Mama mwenyewe ndiye aliyelimaliza. Anawaambia kwa Kihehe, huku akicheka, kwamba aliyewasha hapa atamzika leo na jeneza atalipa yeye. Wanatoka nje wenyewe.

Umeme ndio unaokula pesa. Mashine ya lita 5 inatumia wati 350 hivi. Ikiwaka mchana na usiku ni zaidi ya uniti nane kwa siku, kwa hiyo zile uniti 75 za mwezi za bei nafuu zinaisha kwa siku tisa, mkiwa hamjachaji hata simu. Panga hela ya LUKU kabla ya hela ya mashine. Tuliiwekea stebilaiza kwa sababu umeme wetu unapanda na kushuka, na ina soketi yake ukutani peke yake. Eksitensheni yenye redio na pasi tuliiondoa. Umeme ukirudi hatuwashi papo hapo, tunasubiri utulie, na mashine ikishawaka tunaipa dakika kadhaa ipande kabla ya kumtoa Mama kwenye mtungi.

Mtungi unaosubiri pembeni ndio uhai wakati umeme haupo, na hesabu yake ni rahisi. Wetu ukiwa umejaa unabeba lita 1,360. Kwa lita 2 kwa dakika ni dakika 680, saa 11 na kidogo. Mshale wa regulata, kile kifaa cha presha kwenye mdomo wa mtungi, ukifika nusu, zimebaki saa tano na nusu, na mtu anatumwa kutafuta wa kubadilisha, hangoji ufike kwenye rangi nyekundu. Ila angalia kinachotokea umeme ukikatika: dakika ile ile mtungi unapofunguliwa, mtu mwingine anawasha mshumaa. Ni mazoea ya miaka. Mishumaa na koroboi vilitoka kabisa nyumba hiyo, tukanunua taa za sola, moja ikakaa juu ya mtungi kabisa ili mkono gizani ukutane nayo kwanza.

Valvu ya mtungi iliwahi kuwa ngumu, na kijana wa gereji hapo jirani akaja na kopo la grisi mkononi. Tulimzuia mlangoni. Oksijeni yenye presha kubwa ikikutana na grisi inaweza kulipuka bila kiberiti. Hata mikono iliyotoka kukaanga maandazi inaoshwa kwa sabuni kabla ya kugusa regulata. Valvu ngumu inarudishwa kwa waliojaza mtungi, walishughulikie wao. Ukija mwingine tunausimamisha, tunaufunga mnyororo ukutani, nafungua valvu polepole niuone mshale unapanda, nasikiliza kama kuna sauti ya kuvuja, nafunga, naandika tarehe kwa chaki ubavuni. Chujio la ndani nalo tarehe yake iko kwa kalamu ya maka kwenye mgongo wa mashine, na fundi yule anakuja kupima tena mwezi wa kwanza.